Penseli Pembeni mwa Nota

Jumapili, 8 Juni 2025

Aibu. Niandike kwa utaratibu.

Usagara, Pentekoste, kwaya tisa. Sisi wa sita. Wimbo wa kwanza umeenda vizuri. Wa pili, ubeti wa pili, sauti ya tatu wameshikilia nota moja huku wenzao wote wameshahama. Wako juu peke yao kama mbuzi juu ya paa! Nimewapungia mkono washuke. Hawajashuka. Wao wanafuata karatasi, na karatasi nimeiandika mimi.

Kwaya ya Magu wamecheka, wameziba midomo kwa vitabu vya nyimbo.

Baada ya misa nimechukua ile karatasi. Nikainyoosha mbali, nikaivuta karibu. Ukungu wenye mistari. Mwandiko wangu mwenyewe, siusomi! Paskazia wa sauti ya pili kanisomea: hapa umeandika f, yaani fa, halafu vistari viwili vya kushikilia. Wimbo wenyewe unataka t, ti, pigo moja, basi.

Nilinakili mwenyewe, mezani kwangu, mchana kweupe.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kazini kawaida. Ghala la mpunga halina shida — maandishi ya gunia ni makubwa, hata ng'ombe angeyasoma.

Jioni kapita Yakobo. Miaka kumi na tisa tuko pamoja kwenye kwaya, yeye besi, mimi mwalimu. Kaniliwaza, kwa jina la Kisukuma analoniita siku zote. "Ngosha, kosa moja tu, watu watasahau."

Nimemwambia jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine. Mbali naona, hapa kibarazani namwona kunguru juu ya mnara wa simu wa Kisesa. Karibu ndiyo hakuna kitu. Herufi za nota zinaogelea. Nukta na koma zimekuwa kitu kimoja.

Kashtuka. "Usije ukaingia kwenye miwani! Nilikwambia tangu mwaka juzi. Miwani inaharibu macho. Mwezi mmoja tu, jicho linakuwa vivu, hulirudishi. Mimi nina hamsini na moja, nimekuzidi mitatu. Umewahi kuniona na miwani?"

Kweli, sijawahi. Kasema ninywe juisi ya karoti na ninawe macho kwa maji baridi asubuhi.

Nimempa daftari kuu ahakiki wimbo wangu wa Jubilei ya parokia, kama kawaida yetu. Kaenda nalo nyuma ya nyumba, eti kuna mwanga zaidi. Baada ya dakika kumi karudi. "Safi, Mwalimu."

Ni faraja kuwa na mtu kama huyu.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Dorotea, katibu wa kwaya, kanisubiri getini kabla ya mazoezi. Nilijua tu, kashika khanga kwa mikono miwili.

"Mwalimu, usichukie."

Kamati imekaa jana. Tarehe 29 parokia inatimiza miaka hamsini, askofu atakuwepo. Wimbo utabaki wangu, jina langu litasomwa. Ila atakayesimama mbele kuongoza ni Yakobo. "Upumzike kidogo, Mwalimu. Yeye si anaimba bila karatasi?"

Nimeuliza, kwa kosa la Usagara tu? Kasema hapana. Makosa ya nota ni kumi na saba tangu mwaka juzi.

Kumi na saba! Nani amehesabu? Katazama chini, kasema twende tusiwachelewe wenzetu.

Wimbo ule nimeutunga miezi minane. Kila sauti nimeiweka nikimfikiria mtu anayeiimba. Mlango wa besi, pale wanapoingia, nimemwandikia Yakobo, naijua pumzi yake inapoishia.

Yakobo mwenyewe kaniambia hakuitaka kazi hiyo, wamemlazimisha. Nimemwamini.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Siku ndefu. Nianze mwanzo.

Nimekwenda mjini kutoa kopi za wimbo. Umeme umekatika mtaa mzima. Nikasimama mlangoni juani, karatasi mkononi, mkono umenyooka, nikijaribu kuhakiki. Duka la jirani ni la miwani, la Mzee Shantilal. Mjukuu wake, Nisha, alikuwa kizingitini anakunywa chai.

"Shikamoo Baba. Mkono umeisha?"

"Marahaba. Umeisha nini?"

"Urefu. Watu wengi huja hapa mkono ukiisha."

Nimecheka bila kutaka. Nimemwambia sihitaji miwani, macho yangu mazima. Kasema sawa Baba, ila umeme haurudi sasa hivi, njoo ukae kivulini.

Kanipa kadi yenye maandishi, mistari ya juu minene, ya chini inazidi kuwa midogo. Nimeishia mstari wa tatu. Mistari iko tisa. Kanivika fremu nzito ya chuma, kachomeka kioo kimoja, katoa, kachomeka kingine. Hii au hii? Na hii?

Mstari wa tisa umesimama wima mbele yangu. Wote, hadi mwisho!

Nimeusoma tena toka mwanzo. Yeye kanywa chai yake.

Halafu kanieleza. Ndani ya jicho kuna kioo hai, laini kama mpira. Ukiwa kijana, ukitazama kitu cha karibu kinatuna chenyewe. Ukipita arobaini kinaanza kukakamaa, kinabaki kimekaa kwa mbali tu. Si ugonjwa, ni umri, na kila mtu utamfikia. Lenzi ya kusomea imetuna katikati, inafanya kazi ile iliyolishinda jicho.

Nikamwambia ya Yakobo, kwamba miwani inaharibu macho.

"Nani kakudanganya, Baba? Kioo kitakakamaa uvae usivae. Ukiivua utaona kama ulivyokuwa unaona jana. Tofauti ni kwamba sasa utajua ulikuwa unakosa nini. Ndiyo maana watu wanasema imewaharibu."

Kauliza kazi ninayotaka kuifanya nayo. Kachukua tepu ya fundi nguo, kapima toka jicho hadi karatasi nilivyozoea kushika zamani: sentimita arobaini. Lenzi ya nguvu namba mbili. Kanichagulia fremu nusu, ya kukaa chini puani, nisome kwa chini na niwaone waimbaji kwa juu, maana ukitazama mbali kupitia lenzi hiyo kunakuwa ukungu.

Kaitia kwenye kikasha cha kijani chenye alama ya korongo.

Hicho kikasha nakijua. Yakobo anacho. Anawekea kile chuma chake cha kugonga tupate do.

Nimeuliza, hivi vikasha mnauza peke yake?

"Hapana, Baba. Vinatoka na miwani tu."

Labda alikiokota. Labda kapewa na mtu.

Jumapili, 15 Juni 2025

Mke wangu Rebeka, naye wa kwaya, kaenda misa ya kwanza. Mimi nimebaki, nimeivaa mezani peke yangu. Sijamwambia. Sijui kwa nini.

Nukta ni nukta. Koma ina mkia! Nimeona alama za vidole vyangu mwenyewe. Nimeona kovu dogo la wembe kwenye kidole gumba, nilidhani lilishapotea. Nimesoma maelekezo ya dawa ya mbu hadi herufi ya mwisho, kwa raha tu.

Wimbo wa Jubilei, kopi ya sauti ya tatu, una makosa mawili. Nimeyasahihisha kwa dakika tano. Dakika tano!

Kesho nitapitia daftari kuu lote, toka ukurasa wa kwanza.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimeomba ruhusa kazini. Nimekaa dirishani toka saa mbili asubuhi hadi saa saba.

Pembeni mwa nota zangu kuna maandishi. Ya penseli. Madogo kama ulezi. Yamejaa.

Nilikuwa naiona penseli ikitembea, Jumapili wakati wa mahubiri, daftari likipita toka benchi hadi benchi. Nilidhani wanaweka alama za kuvuta pumzi! Nilifurahi hata. Nilimwambia Rebeka, kwaya yangu inajituma.

Nanakili hapa, kwa usahihi, nisije nikasema niliota.

Ukurasa wa 12. Alama ya x, tarehe 3/8/23. "Pigo la tatu limezidi." Mwandiko unalala kushoto. Tatu yake ina kichwa bapa. Ni Yakobo, siwezi kukosea. Alhamisi ile nilimpa ahakiki. Alisema safi.

Ukurasa wa 33. "Leo kashika karatasi kama anampimia mtu kanzu." Mwandiko wa duara, Dorotea. Chini yake, Yakobo: "Subirini mkono uishe."

Mkono uishe. Hayo ni maneno ya nani? Nimeyasikia juzi tu, kizingitini, na kikombe cha chai.

Ukurasa wa 58. Paskazia: "Tumwambie?" Yakobo: "Bado. Amalize kwanza wimbo wa Jubilei. Kutunga hakuhitaji macho."

Nimeisoma hii mara nne.

Ukurasa wa 60, mtu kachora mwanamume mwenye mkono mrefu hadi ukurasa wa pili. Mchoro mzuri, kusema kweli.

X zote za Yakobo nimezihesabu. Kumi na saba.

Na mtu wa miaka hamsini na moja anaandikaje herufi ndogo namna hii bila miwani? Haandiki. Haiwezekani. Nisha kaniambia kila mtu utamfikia.

Ukurasa wa 19, tarehe 12 Novemba 2023. Mwandiko uliosimama, t yenye kofia pana. Huo huuona kila siku kwenye orodha ya sokoni.

"Mwacheni mume wangu. Nitamwambia mwenyewe."

Jumanne, 17 Juni 2025

Sikwenda kazini. Nimesema tumbo.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Mazoezi. Nimekaa nyuma kama mgeni. Miwani mfukoni, sijaivaa. Kwa mbali naona vizuri mno.

Yakobo kasimama mbele. Kila wimbo kabla haujaanza anasema, "Ngojeni nikatafute do," anachukua daftari na kikasha cha kijani, anatoka nyuma ya sakristia. Miaka miwili sasa anafanya hivyo. Nilikuwa nasema, tazameni, fundi anataka ukimya. Chuma kile hata sokoni unakisikia ukikiweka sikioni! Kina haja gani ya kwenda nyuma ya sakristia?

Leo katoka mara tano. Kila akirudi, puani ana vidoa viwili vyekundu, kulia na kushoto. Vinakaa dakika mbili tatu, vinafifia. Mimi pia ninavyo, nimejitazama kwenye kioo.

Halafu anaimba bila karatasi, na watu wanasema, mtazameni Yakobo, kichwa hicho!

Alipomaliza kaja kunishika bega. "Karoti unakunywa, Ngosha?"

Nimesema nakunywa.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Nimemwambia Rebeka. Alikuwa anachambua mchele uani. Nimeweka daftari juu ya ungo, ukurasa wa 19, na miwani juu yake.

Kaitazama miwani kwanza. "Umenunua lini?"

"Wewe ulitaka kuniambia lini?"

"Baba Modesta, nilikwambia."

Nimesema hukuniambia. Kasema nilikwambia, siku ya pili yake tu, na wewe si unaandika kila kitu? Nenda kasome.

Nimekwenda. Shajara ya 2023, sandukuni. Jumatatu, 13 Novemba. Mwandiko wangu, mbaya, unapanda na kushuka:

"Rebeka kasema nikapime macho. Nimemjibu kwamba Yakobo analijua jambo hili kuliko yeye, na anayenitafutia miwani anataka nizeeke haraka. Kanuna. Hakula."

Nimerudi uani. Nimeuliza lile lililokuwa linaniuma. Baada ya hapo, mwaka mmoja na nusu, umekaa kwenye benchi lile, daftari linapita mbele yako. Umeyasoma. Hukunirudia tena. Ulicheka nao?

Kachambua mchele kidogo. Kokoto moja, mbili.

"Mara moja. Ule mchoro wa mkono."

Ningependa angesema hapana. Ningependa pia asingesema ukweli.

Yeye naye kauliza swali. "Yakobo alikwambia nini kuhusu miwani, hata ukamwamini yeye ukaniacha mimi?" Nikamwambia. Kaweka ungo chini. Hakujua kwamba ndiye aliyenitisha. Kasema wote wanaamini Yakobo ana macho ya kijana. Ndiyo maana wamempa kwaya.

Kwa hiyo siri ya kile kikasha ni yake peke yake. Na yangu.

Jumanne, 24 Juni 2025

Siku nne nimefikiri. Naweza kwenda kwa Dorotea, niseme. Naweza kumwita Yakobo pembeni, atalia, atanishika mkono, nitamsamehe kabla sijataka. Namjua. Najijua.

Nimepitia daftari tena, polepole, na nimeizungushia kila x duara la wino mwekundu. Nimehakiki na makosa yenyewe.

Kisha nimechonga penseli. Nimefungua ukurasa wa Jubilei, pale besi wanapoingia. Nimeandika pembeni, udogo ule ule wa kwake:

"Yakobo. Makosa yangu si kumi na saba, ni kumi na tisa. Mawili yalikupita. Toa kilichomo ndani ya kikasha cha kijani, kivae hapa mbele ya wenzetu, na mimi nitavaa changu. Halafu kwaya iamue nani asimame. Josephat."

Alhamisi, 26 Juni 2025

Mvua kubwa, mazoezi hayakufanyika. Imebaki Jumamosi tu.

Rebeka kaniuliza, utafanya nini? Nimesema bado. Kanipigia pasi shati jeupe la Jumapili bila kuulizwa. Halafu kalitundika upande wangu wa kabati, mbele ya mengine.

Jumamosi, 28 Juni 2025

Naandika humu humu kanisani, benchi la nyuma. Saa kumi na dakika ishirini. Jua linaingia madirisha yote ya upande wa ziwa.

Tumeanza saa kumi kamili. Watu thelathini na mmoja, hakuna aliyekosa. Yakobo kasimama mbele na shati jipya. Nimekwenda hadi mbele, nimempa daftari likiwa wazi.

"Yakobo, kuna maelekezo mapya pembeni, kwenye mlango wa besi. Wasomee wenzako."

Kalichukua. Kalitazama. Mkono wake nao umeanza kunyooka, taratibu, hadi kiwiko kikaisha. Nimeona jasho juu ya mdomo.

"Mwanga hafifu humu," kasema.

Watu wametazama madirisha.

Dorotea kanyoosha mkono. "Lete, kaka Yakobo, nikusomee."

Nimesema hapana, asome yeye, si ndiye wa kesho?

Hapo kanitazama. Nadhani ndipo alipojua. Kasema, "Ngojeni nikatafute do," na sauti haikuwa ya besi. Katoka na daftari na kikasha.

Nimerudi benchini kwangu. Nimetoa miwani, nimeivaa, nimefungua shajara. Mbele ya wote! Hakuna aliyecheka. Dorotea kauliza, Mwalimu, hiyo tangu lini?

"Tangu mkono ulipoisha."

Kashika khanga kwa mikono miwili. Paskazia kainamisha kichwa. Rebeka katoka safu ya sauti ya kwanza, kaja kukaa mwisho wa benchi langu. Nami sijamsogelea, wala sijamfukuza.

Dirishani namwona Yakobo kwa juu ya fremu, karibu na tangi la maji. Ameivaa. Fremu nyeusi, inampendeza hata. Amesoma, amesimama kama nguzo. Sasa anafunua kurasa za nyuma. Anaona maduara mekundu. Anafunua nyingine. Amekaa juu ya ukingo wa saruji.

Saa kumi na dakika arobaini. Dorotea kasema labda tumwendee. Nimesema aachwe.

Ametoa penseli sikioni. Anaandika.

Ameivua. Ameitia kwenye kikasha. Nasikia kokoto chini ya viatu vyake.

Amefika mlangoni, kapita kati ya mabenchi, hakusimama mbele. Kaja moja kwa moja hapa. Ananinyooshea daftari, kidole gumba kimeziba nusu ya ukurasa wasione wengine. Chini ya maneno yangu kuna mstari mpya, herufi kubwa kama za darasa la kwanza, hata bila miwani ningezisoma.

"KESHO SIMAMA WEWE. USIWAAMBIE."

Puani vidoa viwili bado vyekundu. Anapumua kwa mdomo. Miaka kumi na tisa sijawahi kumsikia akipoteza pumzi.

Dorotea amesimama. "Haya kaka Yakobo, wenzako tunangoja. Pembeni pameandikwa nini?"

Kamuuliza yeye. Yakobo ananitazama mimi.

Na kwaya yote sasa inanitazama mimi, na kalamu bado iko mkononi.